Maji ya Kupozea Tanuri

Majivu alikuwa ndiyo kwanza anapata usingizi wake wa asubuhi, ule wa mtu aliyeoka mikate usiku kucha, aliposikia kitu kinaparuza ukuta wa nje. Akadhani ni mbuzi. Akajigeuza upande wa pili. Mparuzo ukaendelea, tena kwa utaratibu, kama wa mbuzi aliyesomea kazi hiyo. Akatoka na taulo kiunoni, matusi yakiwa tayari mdomoni.

Alimkuta mwanamume mfupi amepanda ngazi, kopo la rangi mkono mmoja na brashi mkono mwingine, anamalizia mguu wa alama nyekundu kwenye bomba la moshi la tanuri. Alama ile kila mtu mjini aliijua. Nyumba ikichorwa vile, wenyewe huanza kutoa vitanda nje.

Mtu yule aliomba radhi kwa kelele, akashuka, akajitambulisha kuwa ni afisa mazingira. Kilichomuudhi Majivu zaidi ni kwamba hakuwa mkali. Angekuwa mkali, angejua la kumfanya. Huyu alieleza polepole, kama daktari. Msitu wa mlimani umefungwa, hakuna kukata ovyo tena, maana chemchemi zinazolisha mabomba ya mji zinakauka. Kuanzia sasa lori la kuni linaruhusiwa kumletea nusu ya mzigo aliozoea. Tanuri litakaloweza kuishi na nusu hiyo litaachwa. Litakaloshindwa litavunjwa, kwa sababu ofisi imeshajifunza kwamba mwoka mikate akishindwa kwa kuni za halali, hununua za wizi.

"Nitarudi mvua zikianza," alisema, akifuta brashi kwenye nyasi.

"Na mimi nioke vipi kwa nusu ya kuni?"

"Hilo ni lako, mzee. Langu ni magogo."

Akabeba ngazi yake akaenda. Majivu alibaki uani na taulo lake, akiitazama ile alama, na rangi ikichuruzika taratibu juu ya matofali aliyoyapanga baba yake.

Jina la Majivu alipewa na mtaa kwa sababu ya nyusi zake, ambazo hazikuwahi kuonekana bila majivu hata siku ya harusi yake. Aliacha shule mapema, akasimamishwa mbele ya tanuri kwa sababu baba alihitaji mikono. Tanuri lenyewe lilikuwa kubwa kama chumba cha kuweka vitanda viwili, na ukuta wake wa nyuma ndio huohuo ukuta wa chumba cha mama yake. Wauza chai wote wa mtaani walichukua mikate hapo. Mke wake aliiuza kwenye dirisha la mbele. Mtu mmoja, aliyeitwa Mbavu kwa sababu alikuwa nazo nyingi na zote zilionekana, alikanda unga. Tanuri likivunjwa, hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na kazi nyingine.

Basi Majivu akaanza kuhangaika. Kwanza alikwenda kwa maseremala wa mtaa wa pili, wakampa vumbi la mbao bure, tena wakamshukuru kwa kuwaondolea. Akalichanganya na udongo, akalifinyanga madonge, akayaanika, akayatia motoni. Yaliwaka vizuri sana. Alichosahau ni kwamba maseremala hufagia kila kitu pamoja, vumbi la kuranda na vumbi la kupiga msasa vanishi. Mikate ilitoka na harufu ya kabati jipya. Muuza chai mmoja aliirudisha yote, akamuuliza kama ina droo.

Kwa siku kadhaa mtaa mzima haukuwa na mzaha mwingine. Lakini aliyemmaliza kabisa ni mama mkwe wake. Mama huyu aliishi barabara ya juu, na alikuwa na mambo mawili mengi, afya na maneno. Alikuja mwenyewe na kipande cha mkate kwenye kitambaa, akaketi juu ya gunia la unga, akaanza na habari ya vanishi, akaingia kwenye magonjwa ya jirani zake, akapitia ndoa za watoto wa dada yake, akarudi kwenye vanishi. Majivu alisimama mbele yake akiitikia, macho yakiwaka kwa usingizi. Mama mkwe hafukuzwi. Alipoondoka, jua lilikuwa limeinama na muda wa kuandaa unga wa jioni umefika.

Baada ya hapo alijaribu kuoka mkupuo mmoja badala ya miwili. Kuni zilipungua kidogo tu, maana tanuri hula sehemu kubwa ya kuni kwa kule kupata moto, si kwa kuoka. Mikate ikawa haitoshi, na wauza chai wawili wakahamia kwenye ile ya kiwandani inayokuja kwenye mifuko. Lori la kuni likaja na nusu ya mzigo kama ilivyosemwa. Mzigo ukaisha mapema. Akaanza kuvitazama vibaya viti vya nyumbani kwake.

Hapo ndipo alipokuja dada yake mdogo.

Dada huyu Majivu alimwita Semina. Kazi yake ilikuwa kuzunguka na kufundisha wafanyabiashara wadogo namna ya kuendesha biashara zao, na alikuwa na begi lenye kalamu za rangi nyingi. Alisikia habari za alama nyekundu kutoka kwa mama. Alisimama uani, akaitazama, akashusha pumzi.

"Kaka," alisema, "najua imekuuma. Lakini changamoto ni fursa."

"Nani kasema?"

"Ndivyo tunavyofundisha."

"Basi iambie hiyo fursa ipande pale juu ikafute rangi."

Semina alicheka, kwa kuwa alimjua kaka yake. Hakuondoka. Alimwambia kwamba kabla ya kutafuta kuni nyingine au tanuri jingine ni lazima waangalie kwanza joto lenyewe linaingia wapi na kutokea wapi. Aliomba aje alfajiri aone kazi nzima. Majivu alimjibu kwamba kazi ya kuoka haina mlango wa kiingilio, aje tu, ila asimuulize Mbavu maswali, maana Mbavu akiulizwa swali husimamisha mikono.

Alfajiri Semina alikuwapo, kitambaa kichwani, amekaa kwenye kona bila kumsumbua mtu. Aliona moto ukichotwa na tanuri likifagiwa. Aliona mikate ikiingia kwa ule ubao mrefu na kutoka ikiwa imevimba na kung'aa. Majivu alijikuta anajivuna kidogo, akarusha mkate mmoja hewani na kuudaka, jambo ambalo huwa halifanyi.

Kisha mkate wa mwisho ukatoka, na Mbavu akaleta ndoo za maji.

Hivi ndivyo walivyofanya kila asubuhi tangu enzi za baba. Bati la mlangoni linaondolewa. Tofali la nyuma linachomolewa ili upepo upite. Halafu ndoo baada ya ndoo inamwagwa juu ya sakafu ya tanuri, na sakafu inapiga kelele, na mvuke unatoka mdomoni kwa kishindo hadi barabarani. Watoto wa mtaa walizijua kelele hizo. Wakizisikia, hujua wamechelewa shule.

"Unafanya nini?" Semina aliuliza.

"Napoza tanuri."

"Umelipasha moto usiku kucha. Kuni zimekwisha. Halafu unalimwagia maji."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Majivu aliweka ndoo chini. Alimweleza kama anavyoelezwa mgeni. Moto ukilala ndani ya tanuri, matofali yanachoka, yanapasuka. Ndivyo baba alivyosema, na ndivyo alivyofanya mpaka anaingia kaburini.

"Umewahi kuliona likipasuka kwa kuachwa na joto?"

"Litapasukaje, na sisi tunalipoza?"

"Na hizo nyufa unazoziba na udongo kila mara?"

"Hizo ni kwa sababu siku nyingine maji hayatoshi."

Mbavu aliinama akajifanya anafunga viatu, na alikuwa peku. Semina hakucheka. Alisema kwa upole kwamba joto lile wanalolifukuza kila asubuhi ndizo kuni zenyewe. Wakifunga mdomo na kuliacha, kesho yake tanuri litaanza likiwa nusu ya safari. Pengine nusu ya mzigo itatosha. Jaribu siku moja tu, kaka.

Majivu alikataa. Alikuwa na sababu ambayo hakuisema. Zamani, akiwa kijana, aliwahi kusahau maji, akakimbilia mpirani. Baba alimfuata hadi uwanjani, akampiga kofi mbele ya timu zote mbili. Baba hakuwa mtu wa kupiga. Kofi lile lilikuwa moja tu maishani, na Majivu alilihifadhi kama watu wengine wanavyohifadhi cheti. Aliamini mtu mpole hawezi kupiga kofi kama lile kwa jambo la uongo.

"Likipasuka, nani atalijenga?" alisema. "Wewe na kalamu zako?"

"Litavunjwa vilevile, kaka. Alama imeshachorwa."

"Heri livunjwe na serikali kuliko nilivunje mimi kwa kumdharau baba."

"Baba alikuwa mwoka mikate. Hakuwa nabii."

Hapo hewa ikabadilika. Majivu alisema maneno aliyokuwa ameyakalia kwa miaka. Kwamba yeye Semina amesoma kwa mikate ya tanuri hili. Kwamba wakati yeye anakariri vitabu, kuna mtu alikuwa hapa anaungua vidole ili ada ipatikane, na mtu huyo hakuulizwa kama na yeye anataka kukariri. Leo amerudi kumfundisha moto.

Semina alichukua begi lake. Mlangoni aligeuka. Alisema sikuomba wakutoe shule, kaka, na akaenda, na Majivu akabaki na ndoo, na hasira yake yote haikuwa na pa kukaa.

Wiki iliyofuata mabomba yalikauka.

Haikuwa ajabu, maana kiangazi kilikuwa kimekolea na chemchemi zilikuwa zile zile alizozisema afisa. Mkate wa mwisho ulitoka, Majivu akanyoosha mkono nyuma kupokea ndoo, mkono ukabaki hewani. Mbavu alikuwa amesimama na ndoo tupu. Bomba la uani linakohoa tu, alisema. La jirani pia. Kisimani kuna foleni inayofika msikitini, na wanagawa madumu ya kunywa tu.

Majivu alimtukana Mbavu, ambaye hakuwa na kosa. Alimtukana fundi bomba, ambaye hakuwapo. Akaenda dirishani kumuuliza mkewe kama kuna maji yoyote ndani, mkewe akamwonyesha sufuria moja na kumwuliza kama anataka kupoza tanuri au anataka chai. Akarudi. Tanuri lilikuwa linahema joto usoni mwake. Kuliacha wazi hakuweza, maana watoto wa mtaa wangeweza kuingiza mikono. Mwisho, kwa hasira, alirudisha tofali la nyuma mahali pake, akasukuma bati mdomoni, akaziba kingo kwa udongo wa matope kidogo uliobaki, akaenda kulala kama mtu aliyemwacha mgonjwa peke yake.

Usingizi haukuja. Kila mlio aliosikia ulikuwa wa tofali linalopasuka. Mlango wa jirani ukigongwa, tofali. Mbwa akibweka, tofali. Mchana alishindwa kuvumilia, akaamka kwenda kumtazama mama, akidhani labda ukuta wa chumba chake umeshaanza kubomoka.

Mama alikuwa amelala sakafuni juu ya mkeka, mgongo umegusana na ukuta, mdomo wazi, anakoroma. Miezi ile ya baridi alikuwa hakoromi. Alikuwa anakohoa, na anashinda amejifunika blanketi akilalamika kwamba ukuta ule asubuhi ni mtu na mchana ni maiti. Majivu aliweka kiganja juu ya ukuta. Ulikuwa na joto kama la shavu. Akaupapasa wote, juu hadi chini, akitafuta ufa. Hakuna. Akaudhika zaidi, ingawa hakujua sasa anaudhika na nini.

Jioni alikwenda kufungua tanuri. Udongo wa kingoni ulikuwa umeguswa. Mtu alikuwa amefungua, akafunga tena, akapaka udongo kwa vidole vyembamba. Akavuta bati. Joto likampiga usoni, na ndani, katikati ya sakafu, palikuwa na chungu.

Akakivuta kwa ubao. Kilikuwa na maharage. Yalikuwa yameiva mpaka yamelegea, mchuzi umekuwa mzito, na harufu yake ilimfanya Mbavu aache kukanda.

"Nani kaweka chungu ndani ya tanuri la mikate?" Majivu aliuliza, kwa sauti ya mtu anayetafuta wa kumkamata.

"Mimi," mama alijibu kutoka mlangoni kwake. "Kilete, na usikimwage."

"Mama, tanuri likiachwa na moto linapasuka. Wewe unajua. Halafu unaenda kulifungua na kulifunga kama kabati."

"Nani kakudanganya linapasuka?"

"Baba."

Mama alianza kucheka. Alicheka kwa muda mrefu, akalazimika kukaa kwenye kizingiti, akafuta macho kwa upindo wa nguo yake. Majivu alisimama na chungu cha moto mikononi, kitambaa kikianza kupitisha joto, na hakujua akiweke wapi.

"Baba yako alikuwa anamkimbia mama yangu," alisema.

Akamweleza. Walipokuwa wapya kwenye ndoa, tanuri halikuwa likipozwa. Asubuhi mikate ikitoka, lilikuwa linafungwa tu, na majirani wachache walikuwa wanaingiza vyungu vyao. Mama yake yeye, bibi yake Majivu, akasikia. Akaanza kuja kila siku na chungu. Akikiweka, haondoki. Anaketi juu ya gunia kukisubiri, na anataka mtu wa kuzungumza naye. Na mkwe wake, ambaye hajalala usiku mzima, angeweza kumwambia nini? Alikuwa anakaa mbele yake, ameshika magoti, anaitikia. Alikonda. Siku moja alianguka usingizi akiwa anaitikia, na bibi akaona amedharauliwa, ikawa kesi ya familia nzima.

"Basi siku iliyofuata ile, bibi yako anafika na chungu, anamkuta mkwewe anamwaga maji tanurini. Akauliza kulikoni. Akaambiwa mama, fundi kapita, kasema moto ukilala humu matofali yanapasuka, tutakosa wote. Bibi akasikitika. Akaondoka na chungu chake, akatangaza mtaa mzima. Baba yako akalala mpaka jioni."

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo angefanyaje? Mtaa umeshaambiwa. Asipomwaga, kelele hazisikiki, na bibi yako atakuja. Akamwaga kila siku. Akawafundisha wasaidizi wake wamwage. Akakufundisha wewe. Nadhani mwishoni aliliamini mwenyewe."

"Bibi amekufa zamani, mama."

"Nilimwambia. Akasema ameshazoea."

"Mimi nilipigwa kofi."

"Najua. Siku hiyo bibi yako alipita, akaona hakuna mvuke. Alikaa hapa mpaka magharibi."

Majivu aliweka chungu chini. Alimuuliza kwa nini miaka yote hiyo hakusema. Mama alikung'uta nguo yake, akainuka. "Alikuwa mama yangu," alisema. "Na mimi nilikuwa nimemchoka."

Kwa Majivu, mambo hayakuwa mepesi kama yanavyoonekana. Mtu mwingine angefurahi. Yeye alikaa juu ya gunia la unga na kuhesabu kichwani, si pesa, bali miti. Aliona malori ya kuni yakiingia uani moja baada ya jingine, tangu akiwa mtoto, na kila asubuhi joto la magogo hayo likigeuzwa mvuke na kupelekwa barabarani. Mlima mzima umenyolewa kwa sababu ya bibi mmoja mwenye maneno mengi. Chemchemi zimekauka, na maji machache yaliyobaki yeye ndiye aliyekuwa anayamwaga. Na kofi lile, cheti chake, lilikuwa la mtu aliyekosa usingizi.

Hasira ikamfanya akosee tena. Alijaza kuni motoni kama kawaida yake, mikono ikienda yenyewe, akasahau kwamba safari hii tanuri halikuanza likiwa baridi. Mkupuo wa kwanza uliungua wote. Ilitoka mikate myeusi, migumu, ukiigonga inajibu. Muuza chai wa droo alichukua mmoja akauzungusha mkononi, akauliza kama sasa ameanza kufyatua matofali. Majivu alimfunga mlango usoni.

Siku iliyofuata alitia kuni nusu. Bado ilitoka na weusi pembeni. Akapunguza tena, akiweka gogo mojamoja na kunyoosha mkono ndani kupima joto kama alivyofundishwa, mpaka vinyweleo vinasimama. Mikate ikatoka vizuri. Mikupuo miwili, kama zamani. Alfajiri hiyo alizunguka rundo la kuni mara kadhaa akilitazama kwa shaka kama mtu anayedhani amedanganywa dukani, ila safari hii amezidishiwa. Akaziba mdomo wa tanuri. Maji ya bomba yalikuwa yamesharudi, na Mbavu alisimama na ndoo iliyojaa, hajui aipeleke wapi. Aliambiwa akaoge.

Na kadiri siku zilivyokwenda hapakuwa na ufa mpya. Zile nyufa za zamani zilikaa kimya na udongo wake. Majivu alizikagua kila asubuhi, akitumaini kupata hata mmoja, mdogo tu, wa kumtetea baba. Hakuupata. Nyufa zilikuwa zinaletwa na maji yenyewe.

Ilibidi amwite Semina. Hakupiga simu, alimtuma mkewe apige, akakaa karibu kusikiliza. Semina alikuja. Majivu alikuwa amepanga maneno ya kumwambia, lakini alipomwona akiingia na begi lake, akasema tu kwamba rundo lile pale ni la tangu lori lililopita. Dada yake alilitazama. Akaenda chumbani kwa mama, akaegemea ukuta wa joto, akaambiwa habari ya bibi, na kicheko chake kilisikika mpaka dirishani. Aliporudi hakuwa anacheka.

"Ungekuwa umesoma wewe," alisema, "mimi ndiye ningekuwa namwaga maji hapa."

Majivu alisema ungemwaga vibaya. Hiyo ndiyo iliyokuwa suluhu yao.

Walikaa wakapanga. Mikate iliyolala bila kuuzwa, iliyokuwa inakwenda kwa wafuga nguruwe, ilianza kukatwa vipande na kuachwa tanurini mchana ikauke taratibu. Ikawa migumu na mitamu, ya kuchovya kwenye chai, na ilikaa muda mrefu bila kuota ukungu. Wauza chai waliohama walirudi kwa ajili yake, yule wa droo akiwa wa kwanza, hana haya. Vyungu navyo vilianza kuja. Mama alikuwa amewaonjesha majirani wawili maharage yake, na hilo lilitosha. Watu walileta chungu asubuhi, wakachukua jioni, wakalipa kidogo, na mkaa wao ukabaki guniani. Semina alitaka kwenda kulisimulia jambo hili kwenye mafunzo yake kama mfano.

"Nenda," Majivu alisema. "Ila usilitaje lile neno."

"Neno gani?"

"Unalijua."

"Lakini kaka, ndiyo hiyo fur—"

"Toka."

Mvua zilianza na afisa akarudi, na viatu vya matope. Alizunguka uani, akapima rundo la kuni kwa macho, akatazama nyuma ya choo na chini ya kitanda cha Mbavu kama kuna magogo ya wizi. Akauliza mmewezaje. Majivu alimjibu kwamba wameacha kumwaga maji. Afisa alisubiri aendelee, akaona haendelei. Alisema basi, tanuri limepona. Kuhusu ile alama, ofisi haina rangi ya kufutia, ina ya kuchorea tu. Akala kipande cha mkate mkavu, akaomba kingine cha njiani, akaenda.

Asubuhi iliyofuata Majivu alifunga tanuri, vyungu vya watu vikiwa vimepangwa ndani, akajinyoosha hadi mifupa ikalia. Alikuwa hajalala vizuri tangu siku ile ya brashi. Sasa hapakuwa na kitu cha kumzuia. Alikuwa ameshavua shati aliposikia mtu anapiga hodi uani, sauti yenye afya.

Mama mkwe alikuwa amesimama pale na chungu, kimefunikwa kwa kitambaa kile kile cha siku ya vanishi.

"Mkwe wangu," alisema, "nimesikia mambo mazuri. Nimeleta choroko zangu. Nitazisubiri hapa hapa, nyumbani sina kazi." Akaketi juu ya gunia la unga, akalisogeza kidogo kwa makalio mpaka likamkubali. "Kwanza nikwambie yaliyompata jirani yangu wa ule mguu."

Majivu aliangalia tanuri. Aliangalia bomba la uani, ambalo siku hizi za mvua lilikuwa linatoa maji mpaka linamwagika lenyewe. Chini yake palikuwa na ndoo, imejaa. Mbavu naye aliitazama ndoo, kisha akamtazama Majivu, akasogea hatua moja kuielekea, akasubiri. Dirishani mkewe alikuwa ameacha kuuza. Kwa mara ya kwanza Majivu alimwelewa baba yake kabisa, akamsamehe lile kofi.

Akaiendea ndoo. Akaiinamia, akatumbukiza kichwa chote, akakitoa, maji yakimtiririka na nyusi zikiwa nyeusi mbele za watu kwa mara ya kwanza. Akavaa shati lake juu ya maji hayohayo. Akavuta kigoda, akaketi mbele ya mama mkwe, akashika magoti.

"Enhe, mama," alisema. "Mguu gani?"